Florida 2000: Kura 537 zilizoamua nani awe rais wa Marekani

Tarehe 7 Novemba 2000, zaidi ya watu milioni 6 walijitokeza kupiga kura katika jimbo la Florida, kusini mashariki mwa Marekani. Zikafuata siku 36 za kuhesabu, kuhesabu tena na kukimbizana mahakamani. Mwisho wa yote, tofauti kati ya mshindi na aliyeshindwa ilikuwa kura 537 tu.

Kwa kura hizo, George W. Bush alilichukua jimbo la Florida na kuwa rais wa 43 wa Marekani. Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais, alikosa urais ingawa nchi nzima alipata kura nyingi kuliko mpinzani wake.

Namba 537 imekuwa maarufu duniani. Lakini ipo nyingine isiyotajwa sana: kura kama 175,000 za Florida hazikuhesabiwa kwa mgombea yeyote wa urais. Watu hao walipanga foleni na kutumbukiza karatasi zao, ila sauti yao haikuingia kwenye hesabu. Bila kuielewa namba hiyo, ni vigumu kuelewa nini hasa kilitokea.

Matokeo rasmi ya Florida

- George W. Bush (Republican): 2,912,790 (asilimia 48.85)
- Al Gore (Democratic): 2,912,253 (asilimia 48.84)
- Ralph Nader (Chama cha Kijani): 97,488 (asilimia 1.63)
- Pat Buchanan (Chama cha Reform): 17,484 (asilimia 0.29)
- Wagombea wengine 6 kwa pamoja: karibu 23,000

Jimbo lilikuwa na wagombea 10 kwenye karatasi ya kura. Hata aliyeshika mkia alipata kura 562, yaani nyingi kuliko tofauti ya Bush na Gore.

Kwa nini jimbo moja liamue?

Tanzania hujumlisha kura za nchi nzima na mwenye nyingi ndiye rais. Marekani haifanyi hivyo. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wanaomchagua rais, kutegemea wingi wa watu. Karibu majimbo yote humpa aliyeshinda wajumbe wote, hata kama kashinda kwa kura moja.

Wajumbe wako 538, na anayetaka urais anahitaji 270. Majimbo mengine yote yalipojumlishwa mwaka 2000, Gore alikuwa na wajumbe 267 na Bush 246. Florida ilikuwa na 25. Hesabu ikawa rahisi: anayeichukua Florida anaingia Ikulu.

Kura za wananchi nchi nzima zilisema jambo jingine. Gore alipata karibu milioni 51, akimzidi Bush kwa zaidi ya 540,000. Lakini kwa sheria za Marekani ushindi huo hautoi urais.

Gore hakukosa nafasi kwingine pia. Angeshinda Tennessee, jimbo la nyumbani kwake lenye wajumbe 11, Florida isingekuwa na maana. Alishindwa huko. Aliponea New Mexico kwa kura 366 tu, tofauti ndogo kuliko hata ya Florida, ila jimbo hilo lilikuwa na wajumbe 5 peke yake.

Ramani: Florida tatu ndani ya jimbo moja

Florida ina kaunti 67, na mwaka huo zilipiga kura kama vile ni nchi tatu tofauti.

Kaskazini na kaskazini magharibi, ukanda unaopakana na Alabama na Georgia, ni eneo la wahafidhina na lenye kambi nyingi za jeshi. Hapo Bush alitawala. Katika kaunti ya Okaloosa alipata zaidi ya asilimia 70.

Kusini mashariki ilikuwa ngome ya Gore. Kaunti ya Broward ilimpa asilimia 67 na Palm Beach asilimia 62. Huko wanaishi wastaafu wengi waliohamia kutoka majimbo ya kaskazini, wakiwemo Wayahudi wengi. Mgombea mwenza wa Gore, Joe Lieberman, alikuwa Myahudi wa kwanza kugombea nafasi hiyo kupitia chama kikubwa.

Miami-Dade, jirani ya Broward, ilikuwa ngumu zaidi. Gore alishinda kwa asilimia 53 dhidi ya 46. Wamarekani wengi wenye asili ya Cuba walikuwa na hasira na serikali ya Rais Bill Clinton. Miezi michache kabla, maofisa wa serikali walimchukua kwa nguvu mtoto Elián González kutoka kwa ndugu zake Miami, naye akarudishwa Cuba kwa baba yake. Hasira hiyo ilimwangukia Gore, makamu wa Clinton.

Katikati ni ukanda wa barabara kuu kati ya Tampa na Orlando, ambako hakuna chama chenye uhakika. Hillsborough, kaunti ya Tampa, ilienda kwa Bush. Orange, kaunti ya Orlando, ilienda kwa Gore. Kote huko tofauti ilikuwa ndogo.

Usiku wa kubatilisha

Kabla ya saa 2 usiku, televisheni kubwa za Marekani zilitangaza kwamba Gore kashinda Florida. Shida ni kwamba sehemu ya magharibi ya jimbo hufuata saa za eneo jingine, nyuma kwa saa moja. Huko watu walikuwa bado wanapiga kura.

Kufika saa 4 usiku, televisheni zikafuta tangazo hilo. Baada ya saa 8 usiku zikatangaza tena, safari hii mshindi ni Bush.

Gore alimpigia Bush simu kumpongeza na akaondoka kwenda kuwahutubia wafuasi wake mjini Nashville. Akiwa njiani, wasaidizi wake wakapata habari kwamba pengo la Florida linazidi kupungua. Gore akapiga simu ya pili na kuyafuta maneno ya kwanza.

Moja ya sababu za mkanganyiko ilikuwa kaunti ya Volusia. Hitilafu ya kompyuta katika kituo kimoja ilimwonyesha Gore akiwa na kura hasi 16,022. Hakuna mtu anayeweza kupata kura chini ya sifuri, na kosa lilirekebishwa usiku uleule. Hata hivyo lilikuwa limeshachangia kuifanya hesabu ya Bush ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa.

Asubuhi yake Bush alikuwa mbele kwa kura 1,784. Sheria ya Florida inasema tofauti ikiwa nusu asilimia au chini ya hapo, kura zihesabiwe upya kwa mashine. Zilipohesabiwa upya, pengo likaporomoka. Lilifika 300, likapanda hadi 930 kura za walioko nje ya nchi zilipoingia, kisha likatua kwenye 537.

Karatasi iliyowachanganya wazee

Kila kaunti ya Florida ilikuwa na uhuru wa kuchagua aina ya karatasi na mashine. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Palm Beach ndiyo iliyozungumzwa zaidi. Kwa kuwa wagombea walikuwa wengi, msimamizi wa uchaguzi wa kaunti hiyo aliona wakipangwa wote kwenye ukurasa mmoja maandishi yatakuwa madogo mno kwa wapiga kura wazee. Akawagawa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakawa katikati. Karatasi hiyo ikaja kuitwa "kipepeo".

Nia ilikuwa njema. Tatizo ni jinsi ilivyosomeka. Upande wa kushoto jina la kwanza lilikuwa Bush na la pili Gore. Lakini tundu la pili halikuwa la Gore. Lilikuwa la Pat Buchanan, aliyekuwa juu ya ukurasa wa kulia. Tundu la Gore lilikuwa la tatu.

Matokeo yake, Buchanan alipata kura 3,407 Palm Beach, karibu moja ya tano ya kura zake zote za Florida, katika kaunti ambayo si ngome yake hata kidogo. Buchanan mwenyewe alisema hadharani kwamba nyingi kati ya kura hizo huenda hazikuwa zake.

Karatasi nyingine zaidi ya 19,000 za Palm Beach zilitupwa kwa sababu zilitobolewa mara mbili au zaidi kwenye nafasi ya urais. Wengine waligundua wamekosea wakatoboa tena tundu sahihi, wasijue kwamba hapo ndipo wanaiharibu kura.

Kadi zisizotoboka vizuri

Kaunti kadhaa kubwa zilitumia kadi za kutoboa. Mpiga kura anaingiza kadi kwenye kifaa na kusukuma kijiti kwenye tundu la mgombea wake, na kipande kidogo cha karatasi kinapaswa kuanguka.

Mara nyingine kipande hakianguki. Kinabaki kimeshikilia kwa pembe moja au mbili, au kinabonyea tu bila kutoboka. Mashine ikipitisha mwanga na kuona tundu limezibwa, inasema hakuna kura.

Ndiyo maana dunia iliona picha za maofisa wa uchaguzi wakiinua kadi juu kwenye mwanga na kukodoa macho. Walikuwa wanajiuliza: huyu alikusudia kumpigia nani? Kaunti moja ilikubali alama ya kubonyea tu, nyingine ikataka kipande kiwe kimeachia. Palm Beach ilibadili vigezo vyake katikati ya kazi.

Gadsden na Leon: majirani wawili, hesabu mbili

Lakini kisa kinachoeleza mengi zaidi kiko mbali na Palm Beach.

Gadsden ni kaunti ndogo ya kaskazini, ya wakulima na watu wa kipato cha chini. Ndiyo kaunti pekee ya Florida ambayo wakazi wake wengi ni weusi. Mwaka 2000, karibu kura 1 kati ya kila 8 zilizopigwa huko haikuhesabiwa kwa urais.

Leon, yenye mji mkuu wa jimbo, Tallahassee, na vyuo vikuu viwili vya serikali, inapakana nayo. Huko zilizokosa kuhesabiwa zilikuwa chini ya 2 kati ya kila 1,000.

Kaunti zote mbili zilitumia karatasi za kujaza kwa kalamu. Tofauti ilikuwa kwenye mashine. Leon iliziweka vituoni. Ukikosea, mashine inairudisha karatasi hapohapo na unapewa nyingine. Gadsden ilikusanya karatasi na kuzihesabu makao makuu baada ya wapiga kura kwenda nyumbani. Tena majina ya wagombea yaligawanywa safu mbili, na watu wengi waliweka alama kila safu. Kura hizo ziliharibika bila wenyewe kujua.

Duval, yenye jiji la Jacksonville, ilikuwa na shida ya namna hiyo. Wagombea wa urais waliwekwa kwenye kurasa mbili zinazofuatana, huku karatasi ya mfano ikiwaelekeza watu wapige kura kila ukurasa. Waliofuata maelekezo hayo waliharibu kura zao. Zaidi ya karatasi 20,000 zilikuwa na alama za wagombea wawili au zaidi, na nyingi zilitoka mitaa ya watu weusi.

Mwaka 2001 Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilitoa ripoti yake. Ilisema mpiga kura mweusi wa Florida alikuwa na uwezekano karibu mara 10 zaidi kura yake kukataliwa kuliko mtu asiye mweusi. Ripoti pia ilikosoa orodha ya watu waliodhaniwa kuwa na hukumu za makosa makubwa. Orodha hiyo ilikuwa na makosa, na baadhi ya raia wenye haki walizuiwa kupiga kura.

Vita ikahamia mahakamani

Gore aliomba kura zihesabiwe kwa mkono katika kaunti nne: Volusia, Palm Beach, Broward na Miami-Dade. Zote zilikuwa kaunti alizoshinda, na wapinzani wake hawakuchelewa kumnyooshea kidole kwa hilo.

Upande wa Bush nao ulikuwa na maswali ya kujibu. Gavana wa Florida alikuwa Jeb Bush, mdogo wake mgombea. Alijitoa kwenye tume ya kuthibitisha matokeo. Lakini Katherine Harris, Katibu wa Jimbo aliyesimamia uchaguzi, alikuwa pia mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush katika Florida.

Haya ndiyo matukio makubwa:

- 21 Novemba: Mahakama ya Juu ya Florida inaongeza muda wa kuhesabu hadi tarehe 26.
- 22 Novemba: Miami-Dade inasimamisha kuhesabu kwa mkono, siku ambayo wafuasi wa Republican walifanya maandamano ya kelele ndani ya jengo la kuhesabia.
- 26 Novemba: Harris anathibitisha ushindi wa Bush kwa kura 537.
- 8 Desemba: Mahakama ya Juu ya Florida, majaji 4 kwa 3, inaamuru karatasi ambazo mashine haikuona alama ya urais zihesabiwe kwa mkono jimbo zima. Inarudisha pia kura zilizopatikana Palm Beach na Miami-Dade, na pengo linashuka chini ya 200.
- 9 Desemba: Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, inasimamisha kazi hiyo ikiwa imeanza tu.
- 12 Desemba: Mahakama hiyo inatoa hukumu ya mwisho.

Katika hukumu hiyo, majaji 7 kati ya 9 waliona kuna tatizo la kikatiba: kura zinazofanana haziwezi kuhukumiwa kwa vigezo tofauti kutoka kaunti hadi kaunti. Ila walitofautiana kuhusu dawa. Majaji 5 walisema muda umekwisha na hakuna kuhesabu tena. Wanne walipinga. Mahakama pia iliandika kwamba uamuzi wake unahusu mazingira ya kesi hiyo tu.

Kesho yake, 13 Desemba, Gore alihutubia taifa. Alisema hakubaliani na uamuzi wa mahakama lakini anaupokea.

Je, nani alishinda kweli?

Swali hili halijafa. Mwaka 2001, vyombo kadhaa vikubwa vya habari viliungana na kuipa taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago kazi ya kuzipitia karatasi zilizokataliwa, moja baada ya nyingine. Zilikuwa 175,010. Takribani 61,000 mashine ilisema hazina alama ya urais, na zaidi ya 113,000 zilikuwa na alama za zaidi ya mgombea mmoja.

Majibu yalitolewa Novemba 2001, na kila upande ulipata cha kushika:

- Kama zingehesabiwa kaunti nne tu alizoomba Gore, Bush angeshinda.
- Kama amri ya Mahakama ya Juu ya Florida ya 8 Desemba ingetekelezwa, Bush pia angeshinda, kwa vigezo vilivyokuwa vikitumika.
- Kama karatasi zote zilizokataliwa, jimbo zima, zingepitiwa, Gore angeshinda kwa kura chache sana.

Kwa maneno mengine, Gore hakuwahi kuomba mahakamani hesabu ambayo ingempa ushindi.

Na utafiti huo haukugusa kura za kipepeo zilizokwenda kwa Buchanan. Hizo zilikuwa zimetobolewa safi na zikahesabiwa kihalali. Hakuna namna ya kumrudishia mtu kura aliyoipiga kwa kukosea.

Wapo pia wanaomlaumu Nader, wakisema kura zake 97,488 zilitoka kwa watu ambao wengi wangemchagua Gore. Nader amekataa lawama hiyo, akisema kila mgombea ana haki ya kuomba kura.

Nini kilibadilika?

Mwaka 2001 Florida ilipiga marufuku kadi za kutoboa na kuweka vigezo vya jimbo zima vya kuhesabu upya. Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotoa fedha kwa majimbo ili yaachane na mashine za zamani. Sheria hiyo pia ilimpa haki mtu ambaye jina lake halionekani kwenye daftari kupiga kura ya muda, na uhakiki ufanyike baadaye.

Kuhusu watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa, Florida ilichukua muda mrefu zaidi. Ni mwaka 2018 ambapo wapiga kura, karibu asilimia 65, walikubali kubadili katiba ya jimbo ili wengi wa waliomaliza vifungo warudishiwe haki ya kupiga kura. Mwaka uliofuata bunge la jimbo liliongeza sharti la kulipa kwanza faini na madeni ya mahakama.

Florida baada ya hapo

- 2004: George W. Bush alishinda kwa asilimia 5 hivi.
- 2008: Barack Obama.
- 2012: Obama tena, kwa chini ya asilimia 1.
- 2016: Donald Trump, kwa zaidi ya asilimia 1 kidogo.
- 2020: Trump, kwa asilimia 3 hivi, ingawa alishindwa nchi nzima.
- 2024: Trump, kwa asilimia 13. Safari hii hata Miami-Dade ilikwenda Republican.

Leo Florida haihesabiwi tena kati ya majimbo yenye ushindani mkali, na huwa kati ya majimbo makubwa yanayotangaza matokeo mapema.

Kitendo cha mwisho cha uchaguzi wa 2000 kilifanyika Washington, tarehe 6 Januari 2001. Bunge lilikutana kuhesabu kura za wajumbe, na kwa katiba anayeongoza kikao hicho ni Makamu wa Rais. Kwa hiyo Al Gore ndiye aliyekalia kiti.

Wabunge kadhaa, wengi wao weusi, walisimama mmoja mmoja kupinga kura za Florida. Sheria ilitaka pingamizi liwe na saini ya seneta angalau mmoja, na hakuna seneta aliyesaini. Gore aliyakataa mapingamizi yote kisha akasoma matokeo: Bush 271, Gore 266. Mjumbe mmoja wa Washington DC alikuwa ameacha karatasi yake tupu.